Lebo kwenye matangazo ya ngono: sheria iishie wapi?

Mtumaji wa tangazo la mambo ya watu wazima anaweza kulazimishwa kisheria kulitia alama kabla halijafunguliwa. Hata hivyo, mahakama kadhaa, kuanzia Marekani hadi Kenya na Uganda, zimeonyesha kwamba uwezo wa serikali katika jambo hili una mipaka. Mipaka hiyo inawahusu pia wakazi wa Macaloe na wa pwani nzima ya Cabo Delgado.

Katika visiwa vya kaskazini mwa Cabo Delgado si ajabu kuona simu moja ikitumiwa na nyumba nzima. Baba huulizia bei ya samaki Mocímboa da Praia kwa simu ile ile ambayo mama huitumia kusikiliza salamu za jamaa waliohamia Pemba, na jioni mtoto huiomba ili acheze mchezo. Tuseme tangazo la biashara ya picha za ngono limeingia katika sanduku la barua pepe la simu hiyo bila kuombwa, na kichwa chake kinasema tu: "Habari za siku nyingi." Nani atakayelifungua kwanza? Hakuna anayejua.

Dawa inaonekana rahisi. Mwenye tangazo alazimishwe kuandika, mwanzoni kabisa, kwamba ndani yake mna mambo ya ngono. Asiyetaka atalifuta bila kulifungua, na mtu mzima anayetaka ataamua mwenyewe. Lakini nyuma ya dawa hiyo kuna swali zito zaidi. Serikali ikishakuwa na uwezo wa kumwamuru mtu aandike nini juu ya maneno yake mwenyewe, uwezo huo unakomea wapi? Na ni nani anayeamua kwamba ujumbe fulani ni wa "ngono"?

Sheria ya Marekani ilivyoanza

Nchi iliyoshughulikia jambo hili kwa undani zaidi ni Marekani. Tarehe 16 Desemba 2003, Rais George W. Bush alitia saini sheria iitwayo CAN-SPAM, ambayo ilianza kutumika Januari 1, 2004. Sheria hiyo haikupiga marufuku matangazo ya biashara kwa barua pepe. Iliyawekea masharti tu: kichwa cha barua kisidanganye, anwani halisi ya posta ya mtumaji ionekane, na mpokeaji apewe njia ya kukataa barua nyingine za namna hiyo.

Kwa matangazo ya ngono, Bunge la Marekani liliongeza sharti jingine. Liliiagiza Tume ya Biashara ya Shirikisho, ijulikanayo kwa kifupi kama FTC, itunge lebo maalumu. Kuanzia Mei 19, 2004, kichwa cha kila tangazo la aina hiyo kilipaswa kuanza na maneno "SEXUALLY-EXPLICIT:" kwa herufi kubwa, yaani "ya ngono bayana". Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno moja zaidi, nalo likaondolewa. Lebo iliyobaki inachukua nafasi ya herufi 19, ukihesabu alama zake na nafasi tupu inayoifuata. Ufupi huo una faida yake, kwa sababu kila herufi ya lebo hula nafasi ambayo mtumaji angeitumia kwa maneno yake mwenyewe.

Sharti la pili lilihusu kinachoonekana mara tu barua inapofunguliwa. Sehemu hiyo ya kwanza haikutakiwa kuwa na picha wala maelezo ya ngono. Iliruhusiwa kubeba lebo, anwani ya mtumaji, njia ya kujitoa, na maelekezo kwa mtu mzima anayetaka kuendelea. Wamarekani walilifananisha sharti hili na karatasi ya kahawia iliyotumika zamani kufungia magazeti ya watu wazima, ili yasionekane njiani.

Sheria iliacha milango miwili wazi. Mtu aliyekwisha kutoa ridhaa ya kupokea matangazo hayo hakuhitaji kutumiwa lebo. Aidha, ujumbe ambao sehemu yake ya ngono ni ndogo na isiyo na uzito, huku sehemu iliyobaki ikihusu mambo mengine, haukuguswa. Kwa anayekiuka sharti la lebo kwa kujua, adhabu inaweza kufikia kifungo cha miaka 5. Julai 2005, FTC ilitangaza hatua za kisheria dhidi ya kampuni saba zilizotuhumiwa kukiuka masharti hayo.

Uhuru wa kujieleza unaingiaje hapa?

Msomaji anaweza kuuliza: tangazo la picha za ngono lina uhusiano gani na uhuru wa kujieleza? Katika sheria ya Marekani, maudhui machafu kupindukia hayalindwi na Katiba, na picha za ngono za watoto ni jinai. Lakini maudhui mengine ya ngono yaliyotengenezwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima yanalindwa, hata kama wengi wanayachukia. Serikali inayotaka kuyawekea masharti lazima itoe sababu mahakamani.

Kuna jambo la pili, nalo huwashangaza wengi. Uhuru wa kusema hujumuisha uhuru wa kutolazimishwa kusema. Mwaka 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la New Hampshire haliwezi kumlazimisha mwananchi aonyeshe kaulimbiu ya jimbo kwenye kibao cha namba cha gari lake. Lebo ni maneno ya serikali yanayowekwa kinywani mwa mfanyabiashara, na kwa hiyo kanuni hiyo inaigusa.

Hata hivyo, biashara haina kinga kamili. Mwaka 1985, mahakama hiyo hiyo ilisikiliza shauri la wakili wa Ohio aliyetangaza kwamba wateja watakaoshindwa hawatamlipa ada, bila kueleza kwamba wangeweza kudaiwa gharama nyingine za kesi. Mahakama ilisema jimbo linaweza kumtaka aweke wazi jambo hilo. Kanuni iliyotokana na shauri hilo ni kwamba mtangazaji anaweza kulazimishwa kutoa maelezo ya kweli, yaliyo wazi na yasiyo na ubishi, mradi sharti lenyewe halimlemei kupita kiasi.

Mashauri mawili ya posta yanaukamilisha mjadala huu. Mwaka 1970, katika shauri la Rowan, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwenye nyumba anaweza kuitaka posta imzuie mtumaji wa matangazo ambayo yeye mwenyewe ameyaona kuwa ya kuamsha hisia za ngono. Mtumaji hana haki ya kuingia nyumbani mwa mtu kwa nguvu. Mwaka 1983, katika shauri la Bolger, mahakama hiyo ilibatilisha sheria iliyokataza kabisa matangazo ya vidhibiti mimba yasiyoombwa kupitia posta. Serikali ilidai inawalinda wazazi na watoto. Mahakama iliona kwamba asiyetaka tangazo anaweza kulitupa, na kwamba elimu kuhusu uzazi haiwezi kufungiwa wote kwa sababu baadhi yao wanachukizwa.

Ukiyaweka mashauri hayo pamoja, unapata wazo moja. Ufunguo wa mlango uko mkononi mwa mwenye nyumba, na serikali inaweza kumsaidia autumie. Haiwezi kumfungia mlango bila yeye kutaka.

Lebo zinapovuka mpaka

Lebo inaweza kuwa halali mahali pamoja na ikawa haramu mahali pengine, kutegemea inavyosema. Mwaka 2005, jimbo la Illinois lilitunga sheria iliyowataka wauzaji wa michezo ya video kubandika stika yenye namba 18 kwenye michezo yenye mambo ya ngono. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya Saba iliikataa sheria hiyo. Kuamua kwamba mchezo fulani ni "wa ngono" kwa vigezo vya jimbo kulitegemea maoni zaidi kuliko ukweli unaoweza kupimwa, na muuzaji alikuwa analazimishwa kuyasema maoni hayo kana kwamba ni yake.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Texas. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2023 ilizitaka tovuti za ngono kufanya mambo mawili: kuthibitisha umri wa wageni wake, na kuonyesha maonyo kwamba ponografia hudhuru ubongo na afya. Machi 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano iliruhusu uthibitishaji wa umri, lakini ikayazuia maonyo ya afya, kwa kuwa madai yaliyomo bado yanabishaniwa. Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu iliunga mkono uthibitishaji wa umri kwa kura 6 dhidi ya 3. Suala la maonyo ya afya halikuwa mbele yake.

Tofauti kati ya lebo ya barua pepe na maonyo ya Texas ni rahisi kuieleza. Lebo ya barua pepe humwambia mpokeaji kilichomo ndani. Maonyo ya Texas yalimwambia afikirie nini kuhusu kilichomo ndani.

Kenya, Uganda na Tanzania

Afrika Mashariki imepita njia yake. Mwaka 2015 nchini Kenya, Geoffrey Andare, aliyekuwa ameshtakiwa kwa andiko la Facebook, alipinga mahakamani kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kifungu hicho kilifanya kuwa kosa kutuma kwa njia ya mawasiliano ujumbe wenye kuudhi mno, usio na staha, mchafu au wa kutisha. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Maneno hayo hayakuwa na fasili, na mwananchi wa kawaida hakuweza kujua mapema ni ujumbe upi utakaompeleka gerezani.

Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia Februari 2014. Fasili yake ilikuwa pana kiasi kwamba watu waliibatiza jina la sheria ya sketi fupi, na wanawake kadhaa walishambuliwa barabarani kwa sababu ya mavazi yao. Agosti 2021, Mahakama ya Kikatiba ilivibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo, ikiwemo fasili yenyewe ya ponografia. Somo lake linahusu hata suala la lebo: neno likiwa pana mno katika sheria, linaweza kumwangukia mtu ambaye hakuuza picha yoyote.

Tanzania, jirani wa Cabo Delgado ng'ambo ya Mto Ruvuma, ina sheria mbili zinazohusika, zote za mwaka 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inahusu matangazo ya biashara yasiyoombwa: inataka ridhaa ya mpokeaji, utambulisho wa mtumaji na madhumuni ya ujumbe mwanzoni kabisa, na njia ya kujitoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwa upande wake, inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo tangazo la ngono haliokolewi na lebo nchini humo. Sheria ya lebo huwa na maana pale tu ambapo biashara yenyewe ni halali.

Msumbiji inasimama wapi?

Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inalinda uhuru wa kujieleza na haki ya kupata habari katika ibara ya 48, na inakataza udhibiti wa maoni. Nchi hiyo pia ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ibara yake ya 9 inalinda haki hiyo hiyo.

Kuhusu matangazo ya mtandaoni, Msumbiji imeridhia Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Usalama wa Mtandao na Ulinzi wa Data Binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014 na kuanza kutumika Juni 8, 2023. Mkataba huo unataka kila tangazo la mtandaoni litambulike wazi kwamba ni tangazo, na aliyelitoa ajulikane. Unakataza pia kumtumia mtu matangazo ya moja kwa moja bila ridhaa yake ya awali, na unakataza kuficha utambulisho wa yule ambaye tangazo linatumwa kwa niaba yake. Wakati huo huo unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba sheria zao za mtandao hazikandamizi haki za msingi, uhuru wa kujieleza ukiwa miongoni mwazo.

Mkataba wa Malabo hauagizi lebo maalumu ya matangazo ya ngono. Nchi ikitaka kuiweka, kipimo kipo. Tamko la mwaka 2019 la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu linasema kizuizi chochote cha uhuru wa kujieleza lazima kitimize mambo matatu: kiwe kimeandikwa wazi katika sheria, kiwe na lengo halali, na kiwe cha lazima na chenye uwiano na lengo hilo. Kumlinda mtoto dhidi ya picha za ngono ni lengo halali bila shaka. Maswali magumu yapo katika fasili na uwiano.

Katika Cabo Delgado maswali hayo si ya vitabuni. Januari 2019, mwandishi wa redio ya jamii Amade Abubacar alikamatwa Macomia alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia mashambulizi. Mwezi uliofuata mwenzake, Germano Adriano, naye alikamatwa. Waliachiwa kwa masharti Aprili mwaka huo. Miongoni mwa tuhuma zilizotajwa dhidi yao ni kuchochea uhalifu kwa njia ya kielektroniki. Kesi yao haikuhusu ngono wala matangazo. Lakini mkazi wa pwani hii anayeikumbuka ana sababu ya kuuliza, kila sheria mpya ya ujumbe wa kielektroniki inapopendekezwa, maneno yake yameandikwa kwa upana gani na nani atakayeyatafsiri.

Upana huo unaweza kugusa mambo ya kila siku. Ujumbe wa zahanati kuhusu kondomu, mafunzo ya mkunga kuhusu unyonyeshaji, au habari kuhusu ubakaji katika maeneo ya vita vyote vinataja mwili wa binadamu. Sheria isiyotenganisha elimu na biashara ya ngono inaweza kuvibandika vyote lebo moja. Anayeaibika kuonekana na ujumbe wenye lebo hiyo kwenye simu ya familia atakosa habari ambayo huenda ingeokoa maisha yake.

Lebo kwa lugha gani?

Kuna jambo jingine ambalo sheria ya Marekani haikulazimika kulifikiria sana. Lebo yake ni ya Kiingereza. Ina faida kwa mashine, kwa kuwa programu ya barua pepe inaweza kuyatambua maneno yale yale kila mara na kuiweka barua kando. Lakini msomaji wa Macaloe anayezungumza Kimwani au Kiswahili huenda asielewe lebo ya Kiingereza, na hata ya Kireno, lugha rasmi ya nchi, haimfikii kila mtu. Lebo isiyosomeka humlemea mtumaji bila kumlinda mpokeaji, na hapo hoja ya uwiano hudhoofika. Alama fupi inayoeleweka na wengi, kama vile namba 18, pamoja na maneno ya lugha za pwani, ingekidhi lengo vizuri zaidi, alimradi kinachotakiwa kubeba alama hiyo kimeelezwa kwa usahihi. Illinois ilishindwa kwa fasili yake, ingawa namba yenyewe ilieleweka.

Aidha, lebo ina udhaifu wake wa asili: humfunga mtumaji mkweli peke yake. Katika kesi ya Kilbride, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ya Marekani mwaka 2009, watuhumiwa walikuwa wamehamishia biashara yao ya barua taka za ngono kwenye kampuni iliyosajiliwa Mauritius, wakatumia mitambo iliyokuwa Uholanzi na kuzighushi taarifa za mtumaji. Walitiwa hatiani, lakini baada ya uchunguzi mrefu uliovuka mipaka ya nchi. Mtu anayeficha jina lake hatarajiwi kuandika lebo.

Kwa sababu hiyo, familia haina budi kuwa na kinga zake. Wataalamu wa usalama wa mtandao hushauri kuzima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, kutobonyeza kiungo chochote kilichomo katika barua ya mtu asiyejulikana, hata kile kinachodai kuwa cha kujitoa, na kuitia barua hiyo alama ya taka ili programu ijifunze. Picha ya ngono ya mtoto isisambazwe kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Ipelekewe mamlaka taarifa.

Maswali manne ya kuuliza

Sheria ya lebo ikipendekezwa popote, maswali manne yanatosha kuipima. Je, maneno ya lebo ni ukweli mtupu, au ni maoni ya serikali? Je, fasili ya kinachotakiwa kubeba lebo inaeleweka na mtu wa kawaida kabla hajatuma ujumbe wake? Je, lebo inamwachia mtu mzima uamuzi, au ni marufuku iliyovikwa jina jingine? Na je, yule anayekusudiwa kulindwa anaweza kuisoma?

Sheria inayojibu maswali hayo vizuri humpa mama wa Macaloe nafasi ya kuifuta barua kabla mtoto hajaiona, na humwacha mkunga na mwandishi wa habari waendelee na kazi zao. Isiyoyajibu inaweza kuanza na tangazo la ngono na kuishia kwenye ujumbe ambao mama huyo alikuwa akiusubiri.